Uzinduzi wa Ufa wa Ghorofa ya Tatu

Kuna nchi moja yenye amani tele, msiniulize iko upande gani wa ramani, ambako kitu cha umma hakipo mpaka kizinduliwe. Si masihara. Ni sheria, imepigwa chapa, imetiwa muhuri na iko kabatini. Daraja laweza kusimama mtoni miaka minne, zege limekauka na nyasi zimeota pembeni, lakini kama hakuna mkubwa aliyekata utepe mbele yake, hilo si daraja, na wananchi wanaoogelea chini yake wanavuka kwa mujibu wa sheria. Wodi ya wazazi ya makao makuu ilikaa miezi kumi na mmoja bila kuzinduliwa. Kina mama wakajifungulia ngazini, na ngazi, Mungu ni mwema, zilikuwa zimeshazinduliwa.

Sheria hiyo haibagui jema na baya. Shimo la barabarani nalo ni mali ya umma. Mpaka lizinduliwe hakuna shimo, na kama hakuna shimo huwezi kulifukia, maana utakuwa umefukia nini? Wanasheria walilijadili jambo hilo hotelini siku tatu, wakala, wakakubaliana. Ndiyo sababu katika nchi hiyo utakuta mashimo yenye vibao vya marumaru, na jina la aliyeyazindua limeandikwa kwa herufi za dhahabu.

Wageni wakicheka, wenyeji huwaonea huruma. Huko kwao vitu vinajitokeza ovyo ovyo tu, bila hata mgeni rasmi.

*

Ndelwa Sikazwe alikuwa Mkaguzi wa Majengo Daraja la Tatu, mtu wa miaka hamsini na minne, mrefu, mabega yamepinda kwa kuchungulia chini ya boriti za serikali. Vifaa vyake vilikuwa nyundo ndogo, tochi, chaki na daftari. Alikuwa mtu wa taratibu kwelikweli. Alipanga foleni hata mahali ambapo hapakuwa na mtu mwingine.

Kazi yake kubwa ilikuwa Jengo la Maegesho la Mshikamano, ghorofa saba, fahari ya mji mkuu. Humo magari yaliegeshwa kwa cheo. Ingekuwa dharau gari la mkurugenzi kulala chini ya gari la karani. Kwa hiyo baiskeli za matarishi zilikaa sakafu ya chini, vigari vya makarani vikakaa ghorofa ya kwanza na ya pili, na kadiri cheo kilivyopanda ndivyo gari lilivyopanda na kunenepa, mpaka ghorofa ya saba yalipojipanga magari meusi ya wakubwa, moja lina uzito wa vigari vitatu vya chini. Mhandisi aliyelichora jengo aliwahi kusema kwamba vizito vikae chini. Alihamishwa akapelekwa Idara ya Mbegu.

Sakafu ya chini, pamoja na baiskeli, kulikuwa na vibanda kumi na viwili vya mama lishe. Kibanda namba tisa kilikuwa cha Zerida, mke wa Ndelwa. Alikisubiri miaka kumi na mmoja kwenye orodha. Na kanuni ya vibanda ilikuwa fupi, kila mama lishe aliijua kwa moyo: kibanda kikilala siku moja bila moto, kinakwenda kwa anayefuata.

Zerida ndiye aliyeanza kuona.

"Baba Siwema," alimwambia mumewe siku moja akimpakulia supu, "mlango wangu siku hizi haufungi mpaka niupige teke."

"Umevimba kwa mvua."

"Mlango wa bati unavimba kwa mvua tangu lini?"

Ndelwa akaacha kijiko. Alitazama fremu ya mlango, akaona imekaa upande. Alitazama boriti iliyo juu ya fremu, akaona imebonyea katikati kama kitanda cha kamba kilichochoka. Hakumaliza supu ile.

Alipanda ghorofa moja moja akisoma jengo, maana jengo husomeka kwa anayejua. Kwenye dari ya ghorofa ya pili alikuta chokaa nyeupe imechuruzika na kuganda, alama kwamba maji yanapita ndani ya zege na kulila polepole. Pembeni mwa chokaa palikuwa na mistari ya rangi ya kahawia, iliyonyooka, yenye kuachana sawa kwa sawa: hizo zilikuwa nondo zinaota kutu. Nondo ikiota kutu huvimba, ikivimba hulisukuma zege, na zege husukumika likabanduka. Aligonga sakafu ya ghorofa ya tatu kwa nyundo. Zege zima hujibu kwa mlio mkavu. Hili lilijibu kama papai bovu. Akapiga hatua tatu, akagonga tena, likajibu vilevile. Kisha, kwenye kichwa cha nguzo namba kumi na nne, akauona ufa.

Ulikuwa wa mshazari, umeanzia kwenye boriti ukaingia kwenye nguzo. Ufa wa kusimama wima mara nyingi ni plasta tu inalalamika, lakini wa mshazari karibu na nguzo ni jengo linaomba ruhusa ya kulala. Ndelwa alibandika juu yake kiraka chembamba cha plasta, akakiandika tarehe. Kama ufa umetulia, kiraka hubaki kizima. Siku ya tatu alikikuta kimekatika vipande viwili, na kidole chake cha mwisho kiliingia katikati ya vipande hivyo.

Moyo ulimpasuka. Nalisema wazi kwa sababu yeye mwenyewe hakulisema mahali popote.

*

Bosi wake, Mkurugenzi Gaudensi Lupembe, aliisoma taarifa kwa makini, kisha akalizungushia neno moja duara jekundu.

"Ndelwa, ndugu yangu. Umeandika hapa 'ufa'. Nani kauzindua?"

"Bado, mheshimiwa. Ndiyo kwanza nimeuona."

"Umeona kitu ambacho hakipo, na ukakiandika kwenye karatasi ya serikali." Lupembe hakuwa mtu mbaya. Alivua miwani akaifuta taratibu. "Unajua kosa hilo linaitwaje? Kutangulia. Unamtangulia mgeni rasmi."

"Mheshimiwa, jengo lifungwe leo. Hata kwa muda tu."

"Lifungwe kwa sababu gani?"

"Kwa sababu ya u..." Ndelwa akalimeza neno. "Kwa sababu ya hali."

"Hali ni nzuri. Serikali yetu ni sikivu, Ndelwa. Jaza fomu, uzinduliwe, halafu jioni ileile mafundi wanaingia. Tatizo liko wapi?"

Ndelwa alitoka pale ameshukuru. Na hapo ndipo ninapomlaumu, ingawa nampenda. Aliamini. Aliamini kwamba ufa ukishakatiwa utepe jengo litafungwa, na kwamba kinachotakiwa ni kuharakisha. Angeweza kusimama langoni akapiga kelele mpaka apelekwe mahabusu. Yeye alikwenda masjala kuomba fomu.

Fomu ilikuwa na kurasa sita. Jina la kitu kinachozinduliwa. Faida zake kwa taifa. Urefu wake kwa sentimita. Ndelwa aliandika mia na themanini. Fomu ilichukua siku tisa kufika kwa mhakiki, mhakiki akaenda na futi yake, akakuta mia mbili na kumi, akairudisha: *taarifa za mwombaji zinapingana na hali halisi*. Ndelwa akarekebisha. Ikachukua siku nane. Mhakiki akakuta mia mbili na hamsini. Mara ya tatu akaambiwa kwamba akirudia udanganyifu huu atachukuliwa hatua.

Usiku Ndelwa aliketi na viraka vyake vya plasta, akapiga hesabu ya mwendo wa ufa, na kwenye fomu ya nne akaandika urefu ambao ufa ungekuwa nao siku ya uhakiki. Mhakiki alipima, akakuta sawasawa, akampongeza kwa uaminifu wake.

Kwenye faida kwa taifa alikuwa ameandika: *Utaokoa maisha ukitambuliwa mapema.* Masjala walilifuta neno "mapema".

*

"Hama pale, Mama Siwema," alimwambia mkewe nyumbani. "Siku chache tu."

"Nikihama siku moja namba tisa si yangu tena. Miaka kumi na mmoja, Baba Siwema."

"Najua."

"Unajua, lakini si wewe uliyekuwa unakwenda kuangalia jina kwenye ubao kila mwezi." Zerida alikuwa anachambua mchele, akasimamisha mkono. "Niambie ukweli. Litaanguka?"

"Uzinduzi ni Alhamisi. Baada ya hapo linafungwa kwa amri, na likifungwa kwa amri hakuna anayepoteza kibanda. Nimeisoma kanuni."

"Sikukuuliza kanuni."

Ndelwa akavuta ungo karibu, akaanza kuchambua mchele yeye. Wiki hiyo pia alikuwa na jambo alilodhani ni zawadi: Lupembe, kwa kumtia moyo, alikubali chakula cha wageni kipikwe na Zerida na wenzake, palepale sakafu ya chini, sufuria kumi na saba za pilau. Ndelwa mwenyewe ndiye aliyelipeleka jina la mkewe. Zerida aliposikia alicheka kwa mara ya kwanza tangu mlango uanze kukwama, na Ndelwa akanyamaza ili asiiharibu ile furaha.

*

Alhamisi ilifika na jua zuri. Jukwaa lilijengwa ng'ambo ya barabara. Ufa ulikuwa umeoshwa na kupakwa mafuta ya nazi ili utoke vizuri kwenye picha, na utepe wa rangi za taifa ukazungushwa kwenye nguzo namba kumi na nne, ncha yake ikateremshwa dirishani ikavushwa mpaka jukwaani, mgeni rasmi asipate tabu ya kupanda. Bendi ilikuwepo. Kikosi cha zimamoto kilikuwepo, watu arobaini, kofia zinang'aa, na mashoka na jeki na kamba, kwa ajili ya gwaride.

Mahudhurio katika nchi hiyo huhesabiwa kwa magari. Kila idara iliagizwa ilete yote iliyonayo, hata mabovu yakavutwa. Tangu saa mbili asubuhi yalikuwa yanapanda, mazito yakienda juu kwa heshima zote. Ndelwa alisimama kwenye mteremko wa kupandia akihesabu mpaka akashindwa. Vumbi la zege lilikuwa likimdondokea begani.

Alimkimbilia afisa itifaki, mama mmoja nadhifu mwenye orodha mkononi.

"Dada yangu, nakuomba. Magari yabaki nje."

"Kwa sababu gani?"

"Kwa sababu ya ufa."

Afisa itifaki akaangalia saa. "Ufa unazinduliwa saa nne. Sasa ni saa tatu na nusu. Mbona unanitajia kitu ambacho hakipo?"

Gari moja tu halikupanda, la mgeni rasmi, Waziri wa Uzinduzi, Mheshimiwa Daktari Kanali Mstaafu Barugu Tendegu. Lilikuwa refu kupita kimo cha lango. Waziri alisononeka sana kwa kukosa nafasi yake ya ghorofa ya saba.

Saa nne kasoro dakika tano Ndelwa aliingia vibandani. Moshi, vitunguu, wanawake wanacheka na kukemeana. Alimshika Zerida mkono.

"Toka."

"Niache pilau ya Waziri iungue?" Kisha Zerida akamtazama usoni, na baada ya miaka thelathini ya ndoa hakuhitaji kuambiwa mara ya pili. Akaweka mwiko chini, akapiga hatua mbili naye kuelekea mwangani. Akasimama. "Na hawa wenzangu?"

"Watoke wote. Waite."

Wakati huohuo kipaza sauti kiliita kutoka ng'ambo: "Mkaguzi Ndelwa Sikazwe, mwombaji wa ufa, jukwaani tafadhali! Mgeni rasmi anakusubiri!"

Miaka ishirini na tisa ya utumishi ndiyo iliyogeuza shingo yake. Aligeuka kutazama jukwaa, kama mtu anavyogeuka akiitwa jina, na kwa kugeuka huko akauachia mkono wa mkewe. Zerida akarudi ndani haraka akiita, "Jamani tokeni! Acheni sufuria, tokeni!"

Kwanza ulisikika mlio mmoja, wa chini, kama mtu amevunja muwa. Halafu ghorofa ya tatu ikaketi juu ya ya pili, na zote za juu zikaifuata mpaka vibandani, na magari yake kwa mpangilio wa vyeo.

*

Vumbi lilipotulia Ndelwa, aliyesukumwa nje na upepo wa anguko, alikuwa amesimama katikati ya barabara, mzima, kiganja chake kiko wazi.

Zimamoto walikuwa hatua hamsini kutoka pale, wamesimama wima kwenye mstari. Kamanda wao machozi yalikuwa yanamtoka, lakini alimtazama afisa itifaki, naye akatikisa kichwa. Kifusi kile hakikuwa kimezinduliwa.

Hapa lazima tumsifu Waziri Tendegu. Maafa mengine hungoja miezi. Mji mmoja wa kaskazini ulikaa na mafuriko yasiyozinduliwa mpaka yakakauka yenyewe. Yeye alisema palepale, bila fomu, kwamba atakizindua kifusi leo hii. Watu walimpigia makofi. Ilibaki hotuba tu. Hotuba yake ilikuwa ya kurasa kumi na nne na ilihusu ufa, na ufa ulikuwa umeshapotea, kwa hiyo katibu wake akaketi na kalamu, na kila palipoandikwa "ufa" akaandika "kifusi". Saa nne na nusu Waziri alikohoa kwenye kipaza sauti.

"Itifaki imezingatiwa," akaanza. "Ndugu wananchi, nachukua fursa hii adhimu. Kifusi hiki hakikuja kwa bahati. Ni matunda ya mipango thabiti."

Ndelwa alikuwa ameshafika kwenye kifusi, anavuta zege kwa mikono. Askari wawili walimfuata wakamshika kwa upole.

"Mzee wetu, tunakuelewa kabisa. Vumilia. Yuko ukurasa wa pili."

"Mke wangu yumo humu."

"Tunajua, mzee."

"Nyamazeni. Sikilizeni."

Wakanyamaza. Kutoka chini, kwa mbali, kulikuwa na mlio wa chuma juu ya chuma. Mtu alikuwa anagonga sufuria. Alipiga mara tatu, akapumzika, akapiga mara tatu. Ndelwa akaanguka kifudifudi, akaweka mdomo kwenye tundu. "Mama Siwema! Niko hapa! Niko hapa juu!" Mlio ukaja upesi zaidi, kwa nguvu. Waziri aliusikia akadhani ni makofi, akainamisha kichwa kushukuru.

Ukurasa wa tano ulihusu historia. Wa sita ulikuwa wa shukrani kwa wafadhili. Askari mmoja, yule mdogo, alimwachia Ndelwa mkono mmoja, akawa anatazama kwingine huku Ndelwa akichimba kwa mkono huo mmoja mpaka kucha zikamtoka. Kwenye ukurasa wa nane mapigo yalikuwa mawili mawili. Kwenye ukurasa wa tisa Waziri alifanya utani kuhusu pilau, watu wakacheka kidogo, na walipomaliza kucheka hapakuwa na mlio tena. Ndelwa aliangalia saa ya askari. Ilikuwa saa tano na dakika kumi na mbili.

Kurasa tano zilibaki, zikasomwa zote.

Saa tano na dakika hamsini Waziri alikata utepe, akatamka rasmi kwamba jengo limeanguka. Hapo watu wakalia, maana sasa palikuwa na cha kulilia. Zimamoto wakakimbia, kamanda mbele, na walifanya kazi kama watu waliochanganyikiwa. Walimfikia Zerida saa nane. Alikuwa amewakumbatia wawili katika wenzake, na mwili wake bado ulikuwa na joto kidogo.

*

Ili kumchukua marehemu hospitalini, ndugu hutia sahihi cheti. Karani alikuwa amekiandaa kwa mwandiko mzuri: *Amefariki saa tano na dakika hamsini na moja, kwa kuangukiwa na jengo.*

"Si saa hiyo," Ndelwa alisema.

"Ndiyo hiyo, mzee. Kabla ya dakika ya hamsini hapakuwa na ajali. Atakuwa amekufa na nini?"

Ndelwa akakata mstari juu ya saa ile, akaandika saa tano na dakika kumi na mbili. Karani akakichana, akaleta kipya. Ndelwa akafuta tena. Vyeti vinne viliharibika siku hiyo, vitatu kesho yake. Hakuwa mkali. Aliongea kwa sauti yake ileile ya ofisini, na kila alipomaliza kuandika alirudisha kalamu mahali pake.

Siku ya tatu Siwema, binti yao, alifika kutoka mpakani alikoolewa, vumbi la safari bado liko miguuni. Alilia mpaka akamaliza, kisha akaketi karibu na baba yake kwenye benchi la mapokezi.

"Baba, tia sahihi. Tumzike mama. Saa ina kazi gani sasa?"

Ndelwa akamweleza. Alimweleza jinsi sufuria ilivyokuwa inalia, mara tatu tatu, halafu mbili mbili, ukurasa kwa ukurasa. Akasita. Halafu akamweleza na lile la mkono, kwamba waliliita jina lake naye akageuka.

"Alikuwa hai saa nzima, mwanangu. Alikuwa ananiita. Nikitia sahihi hapa, nitakuwa nimesema hakuniita."

Siwema aliinama akajifuta vumbi la miguuni. Hakumtazama baba yake, na wala sidhani kama alimsamehe siku ile. Kisha alikwenda dirishani, akavuta cheti kipya kutoka kwa karani, akafuta saa, akaandika saa tano na dakika kumi na mbili, akatia jina lake chini.

"Basi hamtamchukua," karani akasema.

"Tutakaa," Siwema akajibu.

Wakakaa. Mwanamume mmoja aliyekuwa kwenye foleni, mume wa mama lishe wa kibanda namba nne, alikitazama cheti chake, akauliza kalamu iko wapi. Benchi lile lilikuwa la watu wanne. Kufikia adhuhuri walikuwa wamefika kumi na mmoja, wengine wameketi sakafuni, na kila mmoja alikuwa na saa yake aliyokataa kuiacha.